Baada ya ini jipya, dawa ipi kwa mgonjwa wa kisiwani?

WAPO wanaodhani kuwa mgonjwa aliyepandikizwa ini huwa amepona siku anapotoka hospitali. Ukweli ni kwamba siku hiyo ndipo safari ya pili huanza. Mwili hulitambua ini jipya kuwa ni mgeni, na bila dawa za kupunguza kinga huweza kulishambulia.

Kwa mkazi wa Jibondo, kisiwa kidogo kusini mwa kisiwa kikuu cha Mafia, swali la dawa iliyo bora halitenganishwi na bahari iliyo kati yake na maabara.

Katika miaka ya 1980, saiklosporini iliufanya upandikizaji wa ini kuwa tiba badala ya jaribio. Ikafuata takrolimasi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1994. Zilipolinganishwa, takrolimasi ilionekana kuzuia vizuri zaidi ini kukataliwa, na kunusuru maisha zaidi katika mwaka wa kwanza. Hata hivyo, huwasababishia kisukari wagonjwa wengi zaidi. Zote mbili huweza kudhuru figo; ndiyo maana baadhi ya madaktari hupunguza dozi yake na kuongeza mikofenolati au everolimasi.

Ugumu uko kwenye vipimo. Kati ya dozi inayotosha na inayodhuru pana nafasi ndogo, hivyo damu hupimwa kabla ya dozi ya asubuhi. Mgonjwa akianzishiwa rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, kiwango cha takrolimasi hushuka. Akipewa flukonazoli ya fangasi, hupanda. Mhudumu wa zahanati asiyeelezwa historia hiyo anaweza kuliponza ini bila kukusudia.

Suala hili si la nchi za mbali. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, ikafuatiwa na Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, na wagonjwa wa figo hutumia dawa za kundi hilo hilo. Shirika la Afya Duniani nalo liliiingiza takrolimasi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Kwa Jibondo, basi, ubora wa dawa haupimwi kwa matokeo ya majaribio pekee. Takrolimasi inaongoza, lakini faida yake hupotea iwapo akiba itakwisha wakati kusi limezuia vyombo kuvuka, au damu haitapimwa. Akiba ya ziada nyumbani na utaratibu wa kusafirisha sampuli ni sehemu ya tiba yenyewe.