Chanjo ya taifodi imekuja, kipimo bado ni cha 1896

Julai 2025 serikali ilianza kuwachanja watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo, au taifodi kama wengi wetu tunavyoiita. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini kaunti zetu za Pwani zina swali la kujibu: tutajuaje kwamba ugonjwa umepungua, ikiwa hatuna hakika nani anaugua taifodi na nani haugui?

Wengi tunaijua safari hii. Umeamka na homa, umeingia zahanati ya mtaani, umetolewa damu, na muda si mrefu unaambiwa, "Una taifodi, moja kwa mia na sitini." Mara nyingi hicho ni kipimo cha Widal, kilichopewa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda dhidi yake. Askari hao huweza kubaki miezi mingi baada ya mtu kupona, na huonekana pia kwa walioambukizwa bakteria wengine wa ukoo huo, hata kwa baadhi ya wagonjwa wa malaria. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha.

Njia ya kutegemewa zaidi ni kuotesha damu. Damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye joto kama la mwili. Wakiota, mtaalamu wa maabara huwapa majaribio mmoja baada ya mwingine. Je, wanachachusha sukari ya glukosi? Wanatoa gesi? Sukari ya maziwa je? Wanavunja urea? Bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi, huchachusha glukosi bila kutoa gesi, haigusi sukari ya maziwa, wala havunji urea. E. koli wa kawaida huchachusha sukari zote mbili na kutoa gesi. Kwa majibu hayo, anayefanana na mwenzake chini ya darubini hutambulika. Kisha hujaribiwa kwa dawa mbalimbali, ijulikane ipi inamuua.

Kazi hii huchukua siku 2 au 3, pengine zaidi, na si kamilifu. Hukosa takribani wagonjwa 4 kati ya 10, hasa waliokwisha kumeza dawa. Lakini inapomkamata bakteria, tunamjua ni nani.

Gharama ya kubahatisha ni kubwa. Pwani yetu ina malaria, na Mombasa imewahi kukumbwa na dengi na chikungunya. Mgonjwa wa dengi anayepewa antibiotiki hapati nafuu yoyote kutokana nazo, kwa kuwa dengi ni virusi. Mwenye malaria anayetibiwa taifodi anaweza kuzidiwa akiwa bado anamaliza dozi. Nazo dawa zinachakaa: nchini Kenya wapo bakteria wa taifodi wasiosikia tena ampisilini, kloramfenikoli wala septrini.

Utaalamu haujatupita. Mjini Kilifi, KEMRI na wenzake wameotesha damu za watoto wanaolazwa katika hospitali ya kaunti kwa zaidi ya miaka 20. Kinachokosekana ni kuufikisha utaalamu huo kwa mgonjwa wa kawaida. Afya iligatuliwa 2013, kwa hiyo hili ni suala la bajeti za kaunti. Si lazima kila zahanati iwe na maabara kubwa. Yatosha kila kaunti iwe na moja inayofanya kazi kila siku, na pikipiki ya kuifikishia sampuli.

Nasi tuna letu. Ukiambiwa una taifodi, uliza kwa heshima: ni kwa kipimo gani? Malaria imepimwa? Na kama damu inaweza kuoteshwa, itolewe kabla ya kumeza dawa ya kwanza. Ila mgonjwa aliyezidiwa asicheleweshwe tiba kwa kungoja majibu. Daktari ataibadilisha dawa yakifika.