Kazi ya Bibi Yangu Si ya Kudharauliwa

Natoa shauri langu juu ya jambo linalonisumbua moyo tangu mwaka jana, alipofariki bibi yangu mzaa baba. Sikusudii kuandika tanzia tu, maana kila bibi huliliwa na wajukuu wake. Nataka kusema neno juu ya kazi aliyoifanya maisha yake yote, na juu ya jinsi sisi tuliosoma tulivyoitazama kazi ile.

Bibi alikuwa Mnubi wa Bombo, mji mdogo ulio kaskazini ya Kampala. Wenzangu wengine huniuliza kwa nini kwetu Kiswahili husemwa nyumbani, basi nitaeleza kwa kifupi. Wazee wetu walikuwa askari wa Sudan waliokuwa chini ya Emin Pasha, na mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert akawachukua katika kazi yake. Baadaye Bombo ikawa kambi ya King's African Rifles, na katika kambi ile watu walisema Kiswahili pamoja na Kinubi chetu. Wanaume walikwenda na jeshi, na wanawake walibaki nyumbani wakishona na kusuka.

Kazi ya Bibi ilikuwa kushona tabaga, yaani zile kawa pana za rangi nyingi za kufunikia chakula. Kila alfajiri baada ya sala aliketi barazani juu ya mkeka, na mbele yake fungu la nyasi kavu, chane za ukindu, na sindano nene ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Chane alizichemsha mwenyewe katika sufuria kuukuu pamoja na rangi, kisha akazianika kivulini, kwani jua kali hupausha rangi. Alianza na kifundo kidogo cha nyasi kama tonge, akakizungushia ukindu, akashona mzunguko juu ya mzunguko mpaka tabaga likatosha kufunika sinia la watu wanane. Tabaga moja kubwa lilimchukua majuma mengi.

Kwa kazi hiyo Bibi aliwalea watoto wake. Vita vya mwaka 1979 vilipofika, watu wengi wa Bombo walikimbia, na yeye alivuka mpaka kwenda Sudan na watoto watatu, mmoja mgongoni. Baba hutuambia kwamba katika mzigo wa mama yake zilikuwamo nguo, sufuria moja, na sindano. Huko ugenini hakuwa na shamba wala jamaa, lakini nyasi zilikuwako, na mikono alikuwa nayo. Alishona, akauza, watoto wakala. Aliporudi Bombo na kukuta nyumba yake haina mlango wala bati, aliketi tena chini akashona. Na mimi niandikaye maneno haya, karo yangu ya miaka miwili ya kwanza ilitoka katika sindano ile ile.

Sasa nitasema jambo la aibu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza, Bibi alikuja siku ya wageni. Alivaa gurbaba yake nzuri, akachukua sinia la chakula kichwani, nalo limefunikwa tabaga jekundu na jeusi alilolishona kwa ajili yangu. Wavulana wawili walicheka, wakauliza kama nimeletewa kofia. Nami badala ya kuwajibu, nilimwambia Bibi pembeni, “Bibi, siku nyingine usije na kitu hiki. Watu wa hapa hutumia vyombo vya plastiki.” Alinitazama kidogo akasema, “Haya, mjukuu wangu.” Mara ya pili alikuja na bakuli la plastiki la bluu alilolinunua sokoni. Hakunikaripia hata siku moja, na mimi sikumwomba radhi. Nilidhani ningepata wakati.

Baada ya arobaini yake, shangazi alitoa kutoka chini ya kitanda tabaga ambalo halikumalizika. Lilikuwa limebaki kama mizunguko minne, na sindano ilikuwa bado imechomekwa ukingoni. Shangazi akauliza, “Nani atalimaliza?” Katika chumba kile alikuwamo mwalimu, alikuwamo muuguzi, alikuwamo karani wa benki, na wanafunzi watano. Tabaga lilipita mkono kwa mkono likarudi kwa shangazi, kwani macho yake hayaoni tena kazi ya karibu. Tulikuwa watu kumi na wawili wenye vyeti, na hapakuwa na hata mmoja wa kushona mizunguko minne.

Mimi nililichukua nikajaribu. Ndipo nilipojua kwamba sikuwa nikiijua kazi ile hata kidogo, ingawa niliiona kila siku ya utoto wangu. Ukivuta ukindu kwa nguvu, ukingo huinuka kama bakuli, ukiulegeza, hukunjamana. Na lile ua lenye pembe nane lililo katikati, nililidhani ni la kubahatisha. Shangazi akanieleza: Bibi alizungusha uzi ukingoni, akaukunja mara mbili, kisha nne, kisha nane, akatia alama kwa mkaa kila penye kunjo. Mwanamke huyu hakushika bikari maishani mwake, naye aligawanya duara sawasawa kila juma, jambo ambalo mimi nilikosea katika mtihani wa hesabu.

Najua wako watakaonijibu kwamba dunia imekwenda mbele, na kwamba kifuniko cha plastiki ni rahisi tena huoshwa kwa sabuni. Ni kweli, na simwambii mtu atupe plastiki yake. Wengine watasema tumekuja shule ili tuwe madaktari na wahandisi, wala si washona kawa. Hilo nalo ni kweli. Walakini kosa langu halikuwa kutaka kuwa mhandisi. Kosa langu lilikuwa kufikiri kwamba kazi ya mikono ni ya mtu asiye na akili, na kumfanya mwenye akili nyingi aone haya mbele ya watoto.

Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ufundi wa Waganda wa kutengeneza nguo za magome ya mti wa mutuba kuwa urithi wa wanadamu wote. Sote tulifurahi, na ni haki. Lakini tangazo halipondi gome. Ufundi ule unaishi kwa sababu wako vijana wanaokubali kushika nyundo ya mbao na kukaa karibu na mzee. Ufundi usio na kijana karibu yake, hata ukisifiwa namna gani, utazikwa pamoja na mwenyewe.

Basi shauri langu ni haya mawili. Kwanza, wakuu wa shule wawaalike akina mama na wazee mafundi wa jirani zetu, washonaji, wafinyanzi na wasusi, watufundishe saa moja kila juma, nao walipwe kama walipwavyo walimu wengine. Wanafunzi wetu wa zamani, ambao wengi wana vyeo na mishahara, waweza kusaidia gharama hiyo. Pili, kila mwanafunzi aendapo likizo achague mzee mmoja wa nyumbani kwao, ajifunze kwake kazi moja mpaka aimalize. Asimpige picha tu akaondoka, bali ashike sindano na kuchomwa kidole.

Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi niliona vyaelea miaka kumi na mitano, nisiulize vimeundwaje.

Tabaga lile nimelimaliza katika likizo iliyopita, shangazi akiniongoza kwa kupapasa kwa vidole. Mizunguko ya Bibi ni laini, na minne yangu imepinda, hata kipofu aweza kujua alipoishia yeye na nilipoanzia mimi. Siku ya wageni ijayo nitamwomba mama alete chakula changu kimefunikwa kwa tabaga hilo. Atakaye kucheka na acheke. Nami nitamwonyesha mizunguko ya Bibi, kisha yangu, nimwulize kama yeye angeweza kushona hata mmoja.