Ushuhuda wa Mezani pa Kazi

Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta mjini Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri kijana wa Goma aitwaye Floribert Bwana Chui. Hakuwa padri, mtawa wala katekista. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuamua chakula kipi kinachovuka mpaka kiende sokoni na kipi kiharibiwe. Mwaka 2007 alikataa kupitisha shehena ya mchele uliooza. Alipewa fedha, akazikataa. Wenye madaraka nao walimshinikiza kwa simu, hakutikisika. Julai mwaka huo alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Waliokuwa karibu naye wanasimulia kwamba alijiuliza yatawapata nini watu watakaoula mchele ule, na kama mtu anaweza kuzipokea fedha zile kisha akasema anaishi ndani ya Kristo. Akiwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, muda wake nje ya ofisi aliutumia pamoja na watoto wa mitaani wa Goma, na bila shaka aliwajua kwa sura walaji wa mchele wa bei ya chini kabisa.

Sababu iliyotajwa na Kanisa ndiyo inayonifanya niandike. Lilisema kijana huyu aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, ilhali hakuna aliyemtaka aukane msalaba. Mashahidi wa Uganda, tunaowakumbuka kila tarehe 3 Juni, walijulikana kwa sala zao, na Kabaka Mwanga aliwaua kwa sababu walikataa kuziacha. Kwa Floribert sala haikuguswa kabisa. Angeweza kutia sahihi Jumatatu na kuimba kwaya Jumapili, na asingeulizwa na mtu. Kanisa limekiri basi, kwa kauli rasmi, kwamba kukataa mlungula kwa sababu ya Kristo ni kumkiri Kristo, na kwamba dawati la mkaguzi wa bidhaa linaweza kuwa mahali pa ushuhuda sawa na mimbari. Hoja yangu ni kwamba kauli hii bado haijafika katika mahubiri na mafundisho yetu, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Bado tunapima bidii ya Mkristo kwa mikesha aliyokesha, semina alizohudhuria na mchango alioutoa kwenye ujenzi, na saa zake arobaini na zaidi za kazi kila wiki tunaziacha kama jambo lake binafsi.

Wala si fundisho jipya. Katika Injili ya Luka, watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji wakiuliza wafanye nini, hakuwaambia wahamie jangwani pamoja naye. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa, na askari akawakataza kuwanyang'anya watu. Zakayo alipokutana na Yesu, kilichofuata kilikuwa hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Yakobo anasema ujira waliozuiliwa wavunaji unapiga kelele hadi masikioni mwa Mungu. Na watu wa nje waliiona imani kwa njia hiyo hiyo. Kaisari Juliani, aliyetawala Roma kati ya 361 na 363 na kutaka kurudisha ibada ya miungu ya kale, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Huyo alikuwa mpinzani wao, na kilichomkera ni chakula walichogawa.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wa karibu zaidi. Uamsho uliochipuka katika miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, na kwa Waganda kama Simeoni Nsibambi, ulienea hadi Kenya na Tanganyika bila redio na bila fedha nyingi. Ulikuwa na nyimbo, machozi na maungamo ya hadharani, lakini majirani wasioamini waligutushwa hasa na watu waliorudisha walichoiba. Vitu vilivyotoweka hospitalini vilirejeshwa, madeni yaliyosahauliwa yakalipwa, waume wakawaomba radhi wake zao. Katika vita vya Mau Mau, wengi wa ndugu hao wa uamsho Kenya walikataa kula kiapo, na wakakataa pia kushika silaha upande wa serikali ya kikoloni, wakachukiwa na pande zote mbili. Mtu anaweza kubishana na siasa yao. Lakini hakuna aliyelazimika kuuliza kama imani yao ilikuwa na maana.

Nchi hiyo hiyo ya Gahini ndiyo inayotuonya. Kufikia mwaka 1994 takriban watu tisa kati ya kumi nchini Rwanda walikuwa wamebatizwa. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka huo, kanisani Nyamata na Ntarama watu waliokimbilia usalama waliuawa kwa maelfu, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliozoea kusali nao. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake, wakiwemo mapadri na watawa. Mchambuzi yeyote atataja siasa, ukoloni, vita na propaganda, na atakuwa sahihi. Bado linabaki swali ambalo Mkristo hawezi kulikwepa: ubatizo uliofika kila kilima ulishindwaje kufika kwenye kitambulisho kilichoandikwa kabila, kwenye ofisi ya ajira, kwenye kizuizi cha barabarani? Naamini sehemu ya jibu ni kwamba kwa miaka mingi mambo hayo yalihesabiwa kuwa nje ya imani. Kule Gisenyi, Felicitas Niyitegeka, Mhutu aliyejitoa kwa utumishi wa Kanisa, alikataa kuokolewa peke yake akafa pamoja na Watutsi aliowahifadhi. Alitenda hivyo kwa sababu kwake mambo hayo yalikuwa ndani.

Wako watakaosema matendo peke yake hayatoshi, kwamba Yesu aliwatuma wanafunzi wakahubiri, na mtu mwema asiyemtaja Kristo haonyeshi zaidi ya wema wake mwenyewe. Ni pingamizi zito na nalikubali kwa sehemu kubwa. Uamsho ule usingeenea kama waliorudisha mali wangenyamaza kuhusu aliyewabadilisha. Ninachokataa ni mpangilio tuliouzoea, wa neno kutangulia kwa vipaza sauti na tendo kusubiriwa baadaye. Katika miji yetu yenye Wakristo na Waislamu tumeona mihadhara ya kulinganisha dini ilivyoacha uchungu mwingi kuliko waongofu. Jirani Mwislamu, ambaye dini yake nayo inalaani rushwa, hahitaji kuelezwa mara ya mia kwamba Ukristo ni bora. Akimuuliza Mkristo kwa nini mizani yake haijachezewa au kwa nini kamlipa kijana wake wa duka ujira wote hata mwezi wa biashara mbaya, hapo pana nafasi ya kulitaja jina la Kristo, na litasikika.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi. Mshahara wa karani hautoshi, bosi anadai mgao kutoka chini, na anayekataa hupelekwa kituo cha mbali au hupoteza kazi. Ni rahisi kwa mwandishi wa makala kuwadai wenzake ushujaa. Hapa inafaa kutofautisha: mama anayetoa elfu kumi ili mwanawe apate kitanda hospitalini amekabwa, na yule anayezipokea ndiye anayekaba. Mahubiri yanayowashambulia wote wawili kwa sauti moja hayana haki. Hata hivyo umaskini hauifanyi rushwa isiwe na mhanga. Mchele ule ungeliwa na watu maskini kuliko karani yeyote. Na Floribert mwenyewe hakuishi katika nchi ya raha. Alifanya kazi mkoa uliochoshwa na vita, katika jiji ambalo mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu yake.

Tusimgeuze kuwa fimbo ya kuwachapia wengine, wala tusimwinue juu hadi asimhusu mtu. Ni haki kumuuliza Mkristo mmoja mmoja atafanya nini mezani pake, lakini ni haki zaidi kuuliza kanisa lake limefanya nini ili asisimame peke yake. Mfano upo. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliukataa mchango wa Rais uliotolewa katika parokia ya Soweto na kuagiza urudishwe. Mhasibu Mkristo aliyesikia habari hiyo alipata ujasiri ambao hotuba kumi kuhusu uadilifu zisingempa. Kinyume chake, fedha chafu zinapopokelewa kwa vigelegele mbele ya altare, kila karani aliyeketi kwenye benchi anaelewa kinachothaminiwa.

Parokia na sharika zetu zinajua kuchangisha. Zimejenga minara, kumbi na nyumba za wachungaji kwa michango ya wauza nyanya. Zinaweza pia kuwa na mfuko wa kulipa ada za shule za watoto wa muumini aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kutia sahihi hati ya uongo, na orodha ya mawakili waumini walio tayari kumtetea bure. Jumuiya ndogondogo zinazokutana kila wiki zinaweza kutenga nusu saa ili watu waseme wanashinikizwa kufanya nini kazini, na waombewe kwa hilo kwa uzito ule ule wanaoombewa wagonjwa. Halmashauri ya walei au baraza la wazee linaweza kulipitisha hili katika kikao kimoja, mwaka huu.