Countach ya Ujiji

Jamani, juzi kijiweni Mwanga nusura ngumi zirushwe kwa sababu ya Lamborghini. Huku Miura ya 1966, kule Countach iliyoanza kuuzwa 1974. Mimi ni wa Miura, sifichi. Injini ya silinda 12 imelazwa kiubavu nyuma ya dereva, na bodi imenyooka kama mgebuka majini. Countach ni kelele tu: milango inafunguka kwenda juu, kona kali kila mahali, na kuona nyuma ni taabu. Eti zote zimechorwa na mtu mmoja, Marcello Gandini wa Bertone! Wapinzani wakajibu kwamba Miura ikikolea mwendo pua inanyanyuka. Hapo walinibana, kweli.

Kilichonikera ni kingine. Mshkaji mmoja, mwandishi mwenzetu, katoa hadithi mfukoni: shujaa wake anaipeleka Countach kutoka Ujiji mpaka stesheni. Kaandika hadi harufu ya viti. Wewe, umeinusa wapi?

Nikamuuliza Liemba iliundwa wapi. Kimya. Mtoto wa Kigoma! Mama yake kalala sitahani humo, kaegemea magunia ya dagaa, mpaka Kasanga. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa kwa vipande, ikaungwa hapahapa na kushushwa ziwani 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Hiyo nayo si hadithi?

Jana kanifuata, anacheka. Kasema nimemshawishi, hadithi ataibadilisha: shujaa sasa ataendesha Miura.