Lami imefika Moyale, lakini mwendeshaji mpya wa pikipiki aanzie wapi kwenye vumbi?

Simama Kiserian Jumamosi asubuhi utaziona zikipita: pikipiki kubwa zenye masanduku pembeni, zikiteremka kuelekea Magadi. Wanaoziendesha si wazoefu pekee. Wengine wamenunua pikipiki juzi tu, wamezoea lami ya mjini, na sasa wanataka kuonja vumbi.

Swali lao ni moja: njia gani ya vumbi ni rahisi kwa anayeanza?

Jibu lake limebadilika, na kilicholibadilisha ni lami yenyewe.

Miaka 20 iliyopita, barabara ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, ilikuwa mawe, vumbi na hofu ya majambazi. Malori yalisafiri kwa msafara. Mwendeshaji aliyefika Laisamis alikuwa ameshaanguka, ameshaziba pancha, ameshajua mikono yake inachoka lini. Barabara ilimchuja. Aliyeshindwa aligeuza mapema, angali karibu na Isiolo.

Leo ni lami tupu hadi mpaka wa Ethiopia. Unatoka Nairobi alfajiri, na siku hiyo hiyo uko Laisamis, hata jasho hujatoa. Hapo ndipo unapokutana na barabara ya changarawe iliyoboreshwa ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo ya Ziwa Turkana: kilomita 208, mpaka kwenye mapangaboi 365 upande wa Loiyangalani.

Ukiitazama kwenye simu, ni pana na imenyooka. Mgeni anasema, hii naiweza. Na pengine anaiweza kweli, kwa saa mbili za kwanza.

Halafu yanaanza. Changarawe iliyolegea juu ya ardhi ngumu, tairi la mbele linaanza kuogelea. Laga zenye mchanga. Upepo nao (mitambo ile haikuwekwa pale kwa bahati) unakusukuma kutoka ubavuni. Mtandao unapotea. Ukivunja mguu hapo, suala si ufundi wako tena, ni saa ngapi zitapita kabla gari halijatokea.

Kwa hiyo ukisikia njia fulani ni rahisi, uliza pia msaada uko wapi. Barabara rahisi iliyo mbali na watu ni hatari zaidi kwa mgeni kuliko barabara ngumu kidogo inayopita kijijini kila baada ya kilomita chache.

Lakini ukaribu na mji nao unadanganya. Mlima Suswa hauko mbali na Nairobi, na wengi wanauchagua kwa sababu hiyo. Vumbi la kule ni jivu la volkano, laini kama unga wa ngano, na linafunika mashimo usiyaone. Mimi lilinilaza nikiwa gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea. Vijana wawili wachungaji ndio walionisaidia kuinua pikipiki, wakicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Uzito nao una maneno yake. BMW ya GS 1250 inakaribia kilo 250. Boxer ya bodaboda ni kama nusu yake, na ndiyo maana kijana wa bodaboda anapita na mitungi ya maziwa pale wewe unapokwama. Kama huwezi kuinua pikipiki yako peke yako, usiipeleke peke yako kwenye vumbi. Watu wanaona haya kulisema hili baada ya kutumia hela nyingi dukani.

Udongo usome kabla ya ramani. Ule mweusi wa mbuga, ukikauka ni mgumu kama saruji. Mvua ya nusu saa tu, unajaa kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Udongo mwekundu wa kule Limuru unateleza kama sabuni. Ndiyo sababu Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, njia ile ile uliyoifurahia Februari inakuwa kitu kingine kabisa.

Ukifika mahali usipopajua, waulize bodaboda wa pale. Ila usiwaulize kama barabara ni nzuri. Kwao ni nzuri, wanapita kila siku wakiwa na abiria wawili. Uliza hivi: Probox inapita? Ilipita leo? Kama Probox iliyojaa watu na magunia ilipita asubuhi, nawe utapita, na ukianguka kuna atakayepita nyuma yako.

Kwa kipimo hicho, anayetokea Nairobi aanze na upande wa Magadi. Lami inakuteremsha kutoka karibu mita 2,000 pale Ngong hadi karibu mita 600 ziwani, ukiwa na kona nyingi za kujizoeza klachi na breki. Magadi kuna mji, maduka na mafundi. Baadaye njia inavuka ziwa juu ya tuta na kuendelea kwa changarawe hadi Olkiramatian na Nguruman, ambako wakulima hupeleka mboga sokoni. Maana yake magari yapo.

Usiingie mbugani kutafuta njia ya mkato. Hifadhi nyingi zenye wanyama wakubwa haziruhusu pikipiki, na hata nje ya hifadhi twiga anaweza kukukatia barabara.

Toka Kiserian saa kumi na mbili asubuhi, mkiwa wawili au watatu. Jaza maji kuliko unavyodhani utahitaji, maana joto la Magadi halina utani. Punguza upepo kidogo kwenye tairi ukiacha lami, simama juu ya vikanyagio, na breki ya mbele iguse kwa kidole kimoja tu. Ukifika daraja la Ewaso Ng'iro kabla ya saa nne, pumzika kivulini, kisha geuza. Nguruman iache kwa safari ya pili, na Laisamis mpaka mwakani.