Pesimeka: muulizeni mgonjwa kwanza!

Leo naweka programu kando.

Pesimeka, kile kidude chenye betri kinachoushtua moyo unaposuasua, kwa kawaida huwekwa kifuani chini ya mtulinga, upande wa kushoto. Sababu mojawapo: wengi wetu hutumia mkono wa kulia. Ni mpangilio wa awali tu, si sheria!

Hapa Busia na Malaba kuna wanaokula kwa mabega yao. Mchukuzi wa magunia akiwekewa upande wa bega lake la kazi, waya uliopitishwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza unaweza kubanwa hadi ukatike. Mtamlaumu yeye? Hayo ni makosa ya usanifu.

Njia nyingine zipo: kulia, chini ya msuli, hata tumboni, alikowekewa Arne Larsson kule Stockholm mwaka 1958. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha isiyo na waya, inayopenyezwa kupitia mshipa wa kinena hadi ndani ya moyo. Lakini ni ghali.

Mimi siandiki programu kabla ya kumuuliza mtumiaji anafanya kazi gani. Daktari, wewe unapasua bila kuuliza? Nawe msomaji, usingoje kuulizwa. Sema bega lako la gunia ni lipi!