Sadaka Iliyokataliwa Kayole

Novemba 18, 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alitangaza jambo ambalo makanisa yetu hayajalizoea: pesa za Rais zirudi zilikotoka. Jana yake, Jumapili, Rais William Ruto alikuwa amesali katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na kikundi kingine cha parokia, na milioni 2 za kujenga nyumba ya mapadri. Akaahidi milioni 3 nyingine na basi. Vyote vikakataliwa, taslimu na ahadi.

Kayole si mtaa wa matajiri. Nyumba ilihitajika, na basi lingewafaa wengi, wanakwaya kwa waombolezaji. Hapo ndipo penye uzito wa uamuzi ule. Kukataa usichokihitaji si kazi.

Tunaona Askofu Mkuu alitenda sawa. Siku chache kabla, tarehe 14, maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikosoa serikali waziwazi kwa uongo, utekaji wa watu na kuyumba kwa huduma za afya. Neno kama hilo lina nguvu likitoka kinywani mwa mtu asiyedaiwa. Parokia ikishapokea mamilioni, hata kama mtoaji hakuomba kitu, paroko akipanda mimbarini atayapima maneno yake. Hakuna atakayemwamuru anyamaze. Atanyamaza mwenyewe.

Uhuru huo wa kusema kweli ni mali. Tunasisitiza hivyo kwa sababu Wakristo wengi wamefundishwa kuuona utajiri wa kiroho kama kifuta jasho cha maskini, kitu unachoambiwa unacho pale kodi ya nyumba inapokushinda. Sivyo. Dhamiri safi, msamaha, jumuiya inayokuja kukesha nawe msibani bila kuitwa: hivi ni vitu vyenye kazi, tena hufika mahali ambapo pesa haziwezi kufika. Na huuzwa, mara nyingi kwa bei ya chini. Simoni wa Samaria aliwaletea mitume fedha akitaka kununua uwezo wa Roho. Aliyemkemea ni Petro, mtume yuleyule ambaye mlangoni pa hekalu hakuwa na senti ya kumpa kiwete. Hakuwa na kitu mfukoni, lakini aliijua thamani ya alichopewa.

Hatusemi umaskini ni utakatifu. Watoto wanahitaji karo na hospitali za misheni zinahitaji dawa. Tunachokipinga ni injili inayoupima upendo wa Mungu kwa gari la mhubiri, na kumwambia mama muuza mboga apande mbegu ya mwisho aliyo nayo ili apate muujiza. Huko ni kumnyang'anya mara mbili: pesa yake, kisha imani yake siku muujiza usipokuja.

Marufuku ya serikali haitatuponya ugonjwa huu wa pesa za wanasiasa makanisani. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais mwenyewe alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Miezi minne baadaye ikawa Kayole. Machi 2025 akaahidi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu.

Desturi hii ya kuitukuza pesa kanisani tumeilea sisi waumini. Ni sisi tunaosoma majina ya wachangiaji pamoja na kiasi, wa elfu hamsini akapigiwa makofi na wa shilingi hamsini akajikunja kwenye benchi. Ni sisi tunaomwondoa mzee kiti cha mbele kwa sababu mheshimiwa amefika ibada ikiwa katikati. Yakobo aliwakemea Wakristo wa kwanza kwa kosa hilihili, kumkalisha vizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwacha maskini chini. Yule mjane wa sarafu mbili hakutangazwa na mtu yeyote hekaluni. Yesu ndiye aliyemwona.

Tunataka parokia na makanisa yote yaache kusoma majina, yatangaze jumla tu. Mwanasiasa akija asali kama wengine, asipewe maikrofoni. Na sisi tuliompongeza Askofu Mkuu tukumbuke kwamba nyumba ya mapadri haijengwi kwa pongezi. Milioni zilizokataliwa inabidi zitoke mifukoni mwetu, kidogokidogo, Jumapili hadi Jumapili, bila jina la mtu kutajwa.